Ng'ombe wa Maziwa Uani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuamua Kufuga Nyumbani

Katika kata ya Kimuli, wilayani Kyerwa, ng'ombe si mgeni. Kabla ya wilaya hiyo kumegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na muda mrefu kabla ya kuwapo kwa mipaka ya wilaya, nchi ya Karagwe ilijulikana kwa ng'ombe wake wenye pembe ndefu, na miongoni mwa vifaa vya enzi vya watawala wake zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Kinachobadilika sasa ni mahali ng'ombe anapokaa. Kadiri malisho yanavyopungua, kaya nyingi huchagua kufuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa bandani, hatua chache kutoka jikoni. Ng'ombe hukatiwa majani na kuletewa maji, na samadi yake hurudishwa kwenye kibanja cha migomba na kahawa.

Ukaribu huo ndio unaoleta faida, na ndio huohuo unaoleta hatari. Mara nyingi uamuzi wa kufuga hupimwa kwa bei ya mtamba, wingi wa maziwa na upatikanaji wa majani. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Ng'ombe anayekaa uani huwa sehemu ya mazingira ya afya ya kaya nzima, kama kilivyo kisima au choo. Makala hii inaeleza mambo ya kiafya ambayo kaya inapaswa kuyapima kabla ya kuamua, na mambo ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuyauliza baada ya uamuzi huo kufanyika.

Kwa nini ng'ombe, si farasi

Katika nchi nyingi duniani, swali la kufuga mnyama mkubwa nyumbani huulizwa juu ya farasi. Kagera swali hilo halikupata nafasi, na sababu yake kubwa ni ya kitabibu. Mwaka 1895, huko Zululand, kusini mwa Afrika, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce alionyesha kwamba nagana, ugonjwa uliokuwa ukiua farasi na ng'ombe, husababishwa na vimelea aina ya tripanosoma vinavyoenezwa na mbung'o. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika zaidi na vimelea hivyo. Karagwe imepakana kwa muda mrefu na mapori ya wanyamapori, yakiwamo ya Ibanda na Rumanyika, ambayo mwaka 2019 yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Katika nchi ya mbung'o, farasi ni mali isiyodumu. Ng'ombe naye huugua nagana, lakini kwa uangalizi na dawa huweza kuishi, kuzaa na kutoa maziwa.

Jina la Bruce linahusiana na ng'ombe wa uani kwa njia nyingine pia. Miaka 8 kabla ya kazi yake ya Zululand, mwaka 1887, akiwa katika kisiwa cha Malta, alipata bakteria kutoka katika wengu za askari waliokufa kwa homa ya muda mrefu. Jamii hiyo ya bakteria leo inaitwa Brucella, kwa kumkumbuka, na ugonjwa wake kwa binadamu huitwa brusela. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, aligundua kwamba mbuzi wa kisiwa hicho, walioonekana wazima kabisa, ndio waliobeba bakteria hao. Mwaka uliofuata jeshi liliacha kutumia maziwa ya mbuzi, na idadi ya askari waliougua ikashuka haraka.

Mafunzo mawili ya Malta yanafaa Kimuli leo. La kwanza ni kwamba mnyama anayependeza machoni anaweza kuwa chanzo cha ugonjwa. La pili ni kwamba hatua moja katika matumizi ya maziwa inaweza kuukata mnyororo wa ugonjwa hata kabla mnyama hajatibiwa au kuondolewa.

Faida zinazostahili kuhesabiwa

Haitakuwa haki kuzungumzia hatari bila kuanza na faida. Chakula kikuu cha Kimuli ni ndizi za kupika pamoja na maharage. Ndizi hutoa nishati kwa wingi, lakini ina protini kidogo, na haina vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Kikombe cha maziwa kwa siku humwongezea mtoto protini bora, kalisi na vitamini hiyo. Jambo hili si dogo katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Faida ya pili ni samadi. Mgomba hunyonya rutuba nyingi, na kibanja kisichopata samadi huchoka, mikungu ikawa midogo mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe mmoja wa bandani huweza kurudisha sehemu kubwa ya rutuba hiyo. Faida ya tatu ni fedha ya maziwa, ambayo huja kidogo kidogo lakini mara kwa mara, tofauti na kahawa inayolipwa kwa msimu. Fedha hiyo hulipia ada, chumvi, sabuni na nauli ya kwenda kituo cha afya.

Faida hizo zina gharama ya nguvu kazi. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 40 au zaidi za majani mabichi kwa siku, na maji ya kunywa lita 40 hadi 60, zaidi akiwa anakamuliwa maziwa mengi. Mara nyingi mzigo huo hubebwa na mama na watoto. Kaya inayofuata maji mbali inapaswa kujiuliza kama ndoo za ng'ombe hazitapunguza ndoo za kunawa mikono, kufulia na kuogeshea watoto. Maji yakipungua, usafi wa maziwa hupungua pia.

Brusela: jinsi inavyomfikia mtu

Mwaka 2017 Tanzania ilichagua magonjwa 6 ya kupewa kipaumbele miongoni mwa yale yanayoambukizwa kati ya wanyama na binadamu: kichaa cha mbwa, kimeta, homa ya Bonde la Ufa, malale, mafua ya ndege na brusela. Kati ya hayo, brusela ndiyo inayomhusu zaidi mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili, kwa kuwa haiji kwa kishindo. Haiui ng'ombe ghafla wala haileti mlipuko unaotangazwa redioni. Huingia kimya na kukaa.

Kwa ng'ombe, dalili yake kuu ni kutupa mimba, kwa kawaida kuanzia mwezi wa 5 na kuendelea. Ndiyo maana wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ng'ombe aliyeambukizwa mara nyingi hutupa mimba mara moja tu. Mimba inayofuata huweza kufika mwisho na ndama akazaliwa hai. Mfugaji huamini ng'ombe amepona, kumbe anaendelea kutoa bakteria katika maziwa na kila anapozaa. Ng'ombe wa namna hiyo ndiye anayeweza kupelekwa mnadani kwa bei nafuu, akiwa na mwili mzuri na kiwele kilichojaa.

Bakteria humfikia mtu kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kinywa, kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kula vitokanavyo na maziwa hayo. Hapa kuna kosa linalofanyika hata katika nyumba safi: kuamini kwamba maziwa yakishaganda na kuwa machachu, vijidudu vimekufa. Uchachu pekee hauaminiki kuua bakteria wa brusela. Maziwa ya mgando yaliyo salama ni yale yaliyochemshwa kwanza, yakapoa, ndipo yakagandishwa. Mpangilio huo ukigeuzwa, usalama hupotea.

Njia ya pili ni kugusa. Kondo la nyuma, maji ya uzazi na mimba iliyotoka hubeba bakteria kwa wingi mno. Mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu huambukizwa kupitia michubuko midogo ya ngozi, kupitia macho, au kwa kuvuta hewa yenye matone. Mahali penye ubaridi, unyevu na kivuli, kama ilivyo chini ya migomba, bakteria huweza kuishi kwa wiki kadhaa, hata miezi. Jua kali huwaua mapema. Kwa hiyo kutupa kondo la nyuma kibanjani, au kumwachia mbwa, ni kuusambaza ugonjwa katika eneo ambalo watoto huchezea na akina mama hulima.

Kwa nini homa hii hufichwa na malaria

Dalili za brusela kwa binadamu huanza kwa kawaida wiki 1 hadi 4 baada ya maambukizi, na wakati mwingine miezi kadhaa baadaye. Mgonjwa hupata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi hasa usiku, uchovu, maumivu ya viungo na mgongo, na kupungua uzito. Wanaume wengine huvimba korodani. Ugonjwa usipotibiwa huweza kukaa kwenye pingili za mgongo au kwenye nyonga na kumfanya mtu wa makamo atembee kwa fimbo. Vifo ni vichache, na vingi vyake hutokana na bakteria kushambulia vali za moyo. Kwa mama mjamzito, brusela huongeza hatari ya mimba kuharibika.

Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayopiga kelele kwamba ni brusela. Homa na maumivu ya viungo, Kagera, humkumbusha kila mtu malaria. Jasho la usiku na kukonda humkumbusha mhudumu kifua kikuu. Maumivu ya mgongo kwa mkulima huhesabiwa kuwa ni ya jembe. Hivyo mgonjwa hupewa dawa ya malaria, hupata nafuu kwa kuwa homa yenyewe hupanda na kushuka, kisha hurudi baada ya wiki chache. Mzunguko huo huweza kuendelea kwa miezi, fedha ya maziwa ikigharimia tiba ya ugonjwa ulioletwa na maziwa.

Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, unaonyesha ukubwa wa tatizo la kutambua homa. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vya maabara vilithibitisha malaria kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa na ugonjwa mmojawapo, brusela ikiwamo, na hakuna daktari aliyekuwa ameyafikiria. Takwimu za Moshi haziwezi kuhamishiwa Kyerwa zilivyo, kwa kuwa malaria ni nyingi zaidi Kagera. Somo lake linabaki palepale: homa ya mtu anayeishi na mifugo isiamuliwe kwa mazoea.

Maswali matano kabla ya kumleta ng'ombe

Ichukuliwe kaya ya mfano katika moja ya vijiji vya Kimuli: baba, mama mwenye mimba ya miezi 4, bibi, na watoto watatu, mdogo akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Wana kibanja cha kutosha na wamepanda majani ya tembo kwenye kingo. Mnadani kuna ng'ombe mwenye maziwa anayeuzwa kwa bei nzuri. Jirani naye yuko tayari kuwapa mtamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo ndama jike wa kwanza hupewa kaya nyingine. Kaya hiyo ina maswali matano ya kujibu.

La kwanza: ng'ombe anatoka wapi? Ng'ombe asiye na historia ni hatari kuliko ng'ombe ghali. Muuzaji aulizwe kama ng'ombe huyo, au mwingine katika zizi lake, amewahi kutupa mimba. Afisa mifugo aombwe kuchukua damu ya ng'ombe ipimwe kabla fedha haijatolewa. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Mwanza kinachohudumia Kanda ya Ziwa. Mtamba wa kukopa naye apimwe, pamoja na mama yake. Wachache kati ya mitamba waliozaliwa na ng'ombe wagonjwa huonekana wazima katika vipimo hadi wanapozaa mara ya kwanza. Kwa hiyo utaratibu mwema wa kupeana ng'ombe, usiposindikizwa na vipimo, huweza kupeana ugonjwa kutoka kaya hadi kaya.

La pili: nani atasimamia uzazi wa ng'ombe? Katika kaya ya mfano, mama mjamzito hapaswi kabisa kushika ng'ombe anayezaa, kondo la nyuma wala mimba iliyotoka. Watoto nao wasisogee. Kazi hiyo iwe ya mtu mzima mmoja anayejulikana mapema, mwenye glavu ndefu au, zikikosekana, mifuko ya plastiki isiyotoboka, viatu vya buti, na kitambaa cha kufunika mdomo na pua. Baada ya kazi anawe kwa maji na sabuni hadi juu ya viwiko. Ikiwa baba husafiri mara kwa mara na hakuna mtu mwingine, jibu la swali hili pekee linatosha kuahirisha ufugaji hadi mama ajifungue na mtu wa kazi hiyo apatikane.

La tatu: je, kila tone la maziwa litachemshwa? Swali hili lijibiwe na mtu anayepika, si na mwenye ng'ombe. Maziwa yachemshwe hadi yapande na kutokota, kisha yafunikwe. Hesabu ya kuni au mkaa iwemo katika hesabu ya kufuga. Kanuni iwahusu pia bibi anayependa maziwa ya moja kwa moja kutoka kwenye kiwele, mgeni anayekaribishwa kwa heshima, na mtoto anayeonja povu wakati wa kukamua. Maziwa ya ng'ombe, hata yakichemshwa, hayachukui nafasi ya maziwa ya mama: mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee.

La nne: banda litakaa wapi, na uchafu wake utakwenda wapi? Banda liwe chini ya mteremko kuhusiana na kisima na jiko, liwe na sakafu isiyotuamisha mkojo, na mlango ambao mtoto mdogo hawezi kuupita. Samadi irundikwe na kufunikwa ioze kabla ya kutandazwa kibanjani. Mahali pa kufukia kondo la nyuma pachaguliwe mapema, shimo liwe la kina cha mita moja au zaidi, na chokaa imwagwe juu ikipatikana. Usiku wa manane ng'ombe anapozaa si wakati wa kutafuta jembe.

La tano: kaya itafanya nini ng'ombe akitupa mimba? Hakuna tiba ya brusela inayopendekezwa kwa ng'ombe. Hatua iliyo sahihi ni kumtenga, kumwita afisa mifugo, kupima, na akithibitika kuwa mgonjwa, kumwondoa kwa kuchinjwa chini ya usimamizi. Kumpeleka mnadani ni kumhamishia jirani homa. Uamuzi huu ni mchungu, hasa kwa kaya iliyokopa. Ndiyo sababu ufanyike moyoni na mfukoni kabla ng'ombe hajaingia, si siku ya msiba.

Pale ambapo jibu ni "bado"

Kaya inayoshindwa kujibu swali moja au mawili haijashindwa kuwa na maziwa. Inaweza kununua maziwa kwa jirani na kuyachemsha. Inaweza kupata samadi kwa kubadilishana na majani ya tembo, au kufuga kuku wachache kwa ajili ya mayai wakati ikijenga banda. Kuhamia kwa mbuzi wa maziwa kunapunguza mzigo wa majani, lakini hakuondoi brusela. Aina ya brusela itokayo kwa mbuzi ndiyo iliyoua askari wa Malta, na kwa binadamu ni kali kuliko ile ya ng'ombe. Maswali matano hubaki yaleyale.

Kwa kaya iliyo tayari, kuna chanjo. Mitamba huweza kuchanjwa dhidi ya brusela wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8. Chanjo ya S19 ina bakteria hai waliopunguzwa makali. Haitolewi kwa ng'ombe mwenye mimba, na mtu akijichoma nayo kwa bahati mbaya huweza kuugua. Itolewe na mtaalamu wa mifugo pekee, na ajali ya sindano iripotiwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa mhudumu wa afya: kuuliza, kupima, kutibu

Historia ya mgonjwa mwenye homa iwe na sehemu ya mifugo. Haihitaji fomu mpya. Mhudumu wa zahanati anaweza kusema: "Shikamoo, bibi. Nyumbani mnafuga? Ng'ombe au mbuzi wenu amezaa salama mwaka huu, au mimba imetoka? Nani alimsaidia? Na maziwa mnayanywaje?" Maswali hayo manne huchukua chini ya dakika moja, na majibu yake yaandikwe katika daftari la mgonjwa.

Kipimo cha haraka cha malaria kifanyike kwa kila mgonjwa wa homa, kama inavyotakiwa. Kikiwa hasi, mhudumu asitoe dawa ya malaria kwa tahadhari tu. Kikiwa chanya, malaria itibiwe, lakini homa ikirudi baada ya dozi kamili, au ikiwapo pamoja na maumivu makali ya mgongo, kuvimba korodani au jasho la usiku, brusela ifikiriwe. Kipimo cha Rose Bengal ni rahisi na hutoa jibu ndani ya dakika chache, lakini mtu aliyewahi kuugua zamani huweza kuonekana chanya, na vipimo vingine vya haraka hutoa majibu ya uongo kwa wingi. Jibu chanya bila dalili wala historia ya mifugo lisiwe sababu ya kuanza tiba ya wiki 6. Pale inapowezekana, sampuli ithibitishwe kwa kipimo cha pili au kuotesha damu, na maabara iarifiwe kwamba brusela inashukiwa, kwa kuwa bakteria hawa huambukiza wafanyakazi wa maabara kwa urahisi.

Tiba hutolewa kwa kufuata mwongozo wa taifa. Msingi wake kwa mtu mzima ni dawa mbili kwa pamoja: doksisiklini miligramu 100 mara 2 kwa siku kwa wiki 6, pamoja na streptomaisini gramu 1 kwa sindano kila siku kwa wiki 2 hadi 3, au gentamaisini kwa siku 7 hadi 10. Rifampisini kwa wiki 6 hutumika badala ya sindano pale inapolazimu. Doksisiklini haifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Hao wapewe rufaa ili wapangiwe rifampisini na kotrimoksazoli kwa uangalizi. Kabla ya kuanza rifampisini au streptomaisini, kifua kikuu kichunguzwe na kuondolewa shaka, kwa kuwa kukitibu nusunusu bila kujua hujenga usugu wa dawa.

Mgonjwa aelezwe wazi kwamba homa huisha ndani ya siku chache lakini bakteria hubaki ndani ya seli. Kuacha dawa wiki ya pili ndiyo njia ya uhakika ya kurudiwa. Hata kwa waliomaliza dozi, takriban wagonjwa 5 hadi 10 kati ya kila 100 hurudiwa, wengi wao ndani ya miezi 6, hivyo tarehe ya kurudi kliniki ipangwe. Hatimaye, mgonjwa mmoja akithibitika, waulizwe wote wanaokunywa kutoka sufuria ile ile, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa. Huo ndio utekelezaji wa Afya Moja katika ngazi ya kijiji: watu wawili wa ofisi mbili kupigiana simu juu ya ng'ombe mmoja.

Magonjwa mengine kwa ufupi

Kuchemsha maziwa huzuia pia kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kwa mtoto huweza kujitokeza kama tezi za shingo zilizovimba bila kupona. Mhudumu akumbuke kwamba bakteria wake hawasikii pirazinamidi. Kunawa mikono baada ya kushika ndama anayehara huwakinga watoto wadogo na watu wanaoishi na VVU dhidi ya kuhara kunakodumu. Glavu na buti za siku ya uzazi hukinga pia dhidi ya homa ya Kyu na leptospira. Ng'ombe akifa ghafla, na damu isiyoganda ikatoka puani au sehemu za haja, asichunwe wala kupasuliwa: kimeta kishukiwe na afisa mifugo aitwe. Mfugaji anayefuata majani kandokando ya hifadhi, akipata homa isiyoisha, amwambie mhudumu kwamba huumwa na mbung'o, ili malale nayo ichunguzwe.

Hitimisho

Ng'ombe wa maziwa ni neema kwa kaya ya Kimuli inayoweza kumtunza bila kumpa nafasi ya kuwaumiza walio ndani. Kaya inayojua ng'ombe wake ametoka wapi, iliyomteua mtu wa kusimamia uzazi, inayochemsha maziwa yote, yenye banda na shimo mahali pake, na iliyokubaliana la kufanya mimba ikitoka, ifuge. Isiyofikia hapo isubiri, huku ikijiandaa. Na kuanzia siku ng'ombe anapoingia uani, habari zake ziingie pia katika daftari la kila mgonjwa wa kaya hiyo. Anayekwenda zahanati na homa aseme bila kuulizwa: "Nyumbani tunafuga."